Buti Nilizomshonea Mke Wangu

Soli ilibaki nyuma yetu juu ya jivu, imelala kifudifudi, na mke wangu akapiga hatua tatu mbele bila kujua. Niliitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake: mishono yangu, uzi nilioupaka nta mwenyewe, misumari yangu midogo kisiginoni. Nikaiokota, nikaifutafuta, nikasimama nayo pale kama zuzu.

"Fundi, mbona umesimama?" akaniuliza. Alikuwa akiniita hivyo tangu uchumba wetu, na siku zote alilitamka neno hilo kwa kuringa kidogo.

Nikamwambia akae chini, kwamba imeachia kidogo tu.

Mke wangu alikuwa mpiga pasi wa mashuka ya hospitali. Wakati ule alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa ya kazi kwenye meza ileile, mbele ya dirisha lilelile, na dirishani kuna mlima, volkano ya zamani yenye theluji kichwani ambayo wageni husafiri siku nzima kuja kuipiga picha. Alikuwa akiwaambia wenzake kwamba ile theluji ni shuka ambalo mtu ameshindwa kulinyoosha, na siku akitimiza miaka hamsini atapanda akalinyooshe mwenyewe. Walicheka. Mimi nami nilicheka, mpaka aliporudi nyumbani na kibali cha kupanda mlima, cha watu wawili. Tangu hapo kila jioni baada ya kazi tukawa tunapanda na kushuka ngazi za hospitali, ghorofa sita, tunahema kama mbuzi, manesi wanatuuliza tumepatwa na nini.

Buti alipewa na daktari mmoja. Zilikuwa zimekaa kabatini kwake miaka na miaka, ngozi nzuri ajabu, ila soli zimechoka. Nilitangaza pale chumba cha kufulia, mbele ya wanawake wote, kwamba mke wangu hatakwenda mlimani na kazi ya mkono wa mtu mwingine. Kisha nikarudi kibandani kwangu nikazibandua zile soli, nikabonyeza kwa kidole gumba sponji iliyo katikati ya ngozi na soli. Kidole kikazama. Sponji ilimeguka kama keki iliyochacha.

Nasema wazi, kwa sababu nimechoka kujizungusha: nilijua. Kiatu cha namna hiyo kimekwisha, hata ukishone kwa uzi wa chuma, kwa sababu unashonea kwenye uozo. Lakini ningewaambia nini wale wanawake? Nikakwangua iliyomeguka, nikapaka gundi, nikashona pembeni kuzunguka, nikapiga rangi. Zilipendeza, we acha tu.

Kiongozi wetu wa mlimani alikuwa mtu wa makamo mwenye maneno machache. Alikuwa na desturi yake kwenye kibanda cha mwisho: asubuhi kabla ya kuondoka huwakalisha watu wote kwenye benchi, huchukua kiatu kimoja kimoja, hukikunja, hukisikiliza. Cha mke wangu alikikunja mara mbili. Akauliza nani ameshona. Nikasema ni mimi, hiyo ndiyo kazi yangu. Akasema kwa upole kwamba stoo kuna jozi inayomfaa mama, avae tu kwa tahadhari.

"Kiongozi, wewe unajua mlima," nikamjibu. "Mimi najua viatu."

Watu wakacheka, naye akacheka, akamrudishia mke wangu kiatu kwa mikono miwili, kwa heshima ya ufundi wangu. Na mimi pale miguuni nilikuwa na buti za kukodi. Muda wa kujishonea zangu sikuupata.

Basi tulipofika kwenye ule mteremko wa jivu, ambapo unapiga hatua mbili unarudi moja, kiongozi alikuwa mbele na wengine na soli ilikuwa mkononi mwangu. Nilitoa uzi mfukoni nikaifunga, mizunguko minane.

"Itashika?" akaniuliza.

"Itashika."

Aliniamini, maana sikuwahi kumdanganya juu ya kiatu. Ningeweza kumvua nikampa buti zangu. Kwa soksi mbili zingemkaa. Lakini kumpa ilikuwa ni kukiri, na kilele kilikuwa kinaonekana pale pale, nikajiambia ni saa moja tu. Saa moja ikawa tatu. Theluji ikaanza, wingu likatufunika, uzi ukakatika, nikafunga tena, ukakatika tena. Mara ya kwanza alilalamika kwamba mguu una baridi. Baadaye hakulalamika tena, na mimi, mjinga, nikashukuru.

Kiongozi alirudi kututafuta. Alipomvua soksi, vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Akaniamuru nifungue koti na shati, akauweka ule mguu tumboni kwangu. Ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Mke wangu alinitazama, theluji imemjaa kwenye nyusi, akaniuliza neno moja tu.

"Ulijua?"

Meno yangu yalikuwa yanagongana, nikajificha humo. Tulimshusha mgongoni, kwa zamu, mimi na kiongozi, na kila zamu yangu nilimwomba Mungu kwa sauti achukue mguu wangu auache wake. Kilele hatukukiona.

Walimkata vidole vitatu, hospitalini kwao, kwenye shuka alilolipiga pasi mwenyewe wiki iliyotangulia. Siku ya nne ndipo nilipomjibu. Nikasema nilijua tangu kibandani kwangu, nilipozibandua soli. Hakulia, hakunitukana. Aligeukia dirishani, mlima ulikuwa wazi kabisa siku hiyo, akamwomba nesi avute pazia.

Siku hizi hawezi kusimama muda mrefu, kwa hiyo kazini hukunja mashuka akiwa amekaa. Fundi haniiti tena. Viatu vyake vyote namtengenezea mimi, na mbele najaza sponji mahali palipokuwa na vidole. Kila ninapompa jozi mpya, kabla ya kuvaa huigeuza, akabonyeza soli kwa kidole gumba, polepole, kisigino, katikati, mbele, huku ananitazama usoni. Nami nasimama hapo nikingoja.

Jana nilimpelekea nyingine. Akabonyeza, akavaa, akatembea mpaka mlangoni na kurudi.

"Kinanibana kidogo hapa," akasema.

Zamani ningemwambia kitalegea akikizoea. Nikamwambia avue, nikakaa sakafuni, nikachukua kisu nikaanza kufumua mishono.