Kimya, Mtoto Kalala

Nyie, leo mchana kwa dada yangu damu imemwagika, na mimi nimeshuhudia kwa macho yangu!

Kichanga chake cha wiki tatu kilikuwa kinalia tangu asubuhi, tumbo limekisokota. Nikakilaza kifudifudi mkononi, nakisugua mgongo. Mara paa! Jirani, mlinzi wa zamu ya usiku, kaupiga mlango teke, kitasa chini.

"Mnyamazisheni, au namnyamazisha mwenyewe!"

Shemeji akamtandika ngumi ya mdomo, jino likaruka. Wakavaana, meza ikavunjika, ukuta ukatapakaa damu. Mimi nimejibanza kwenye kona, nasugua tu.

Ghafla mtoto akajamba! Ushuzi wa mtu mzima, nawaambia. Akalegea, akalala.

"Leo nakuua!" mlinzi akanguruma.

Dada, ambaye hajapata usingizi siku nne, akainuka na sufuria, akamshushia ya kichwa. Shemeji naye akala ya bega.

"Atakayemwamsha mwanangu, namzika," dada akanong'ona.

"Yaishe, mama," mlinzi naye akanong'ona.

Shemeji akamshika mkono, wakatoka wote wawili wananyata, wanavuja damu.