Fundo la Kaza

Alizima injini kabla binti yake hajamwambia. Miaka yote aliyoendesha boti ya kituo cha utafiti, mama huyu hakuwahi kungoja kuambiwa; kivuli kikubwa kikipita tu chini ya maji, mkono wake uko kwenye swichi.

"Papa potwe!" binti akasema, akivaa miwani ya kuzamia. "Tena ana kifaa cha kumfuatilia. Kimeota mwani mpaka kina ndevu."

Mama akainama. Samaki yule mkubwa kama basi, mpole asiye na habari na mtu, alikuwa akipita taratibu. Kila potwe ana madoa yake, na ya huyu, nyuma ya shavu, yalijipanga mithili ya jembe.

"Ni Kanga," akasema. "Kanga wa baba yako."

Marehemu mumewe, mpiga mbizi wa kituo, kila mtu alimwita Kaza. Hakuwa na imani na kitu chochote cha kiwandani. Nyumbani alifunga kwa mshipi wa kuvulia mpini wa birika, mguu wa meza, hata mlango wa kabati ambao kitasa chake kilikuwa kizima.

"Siku moja utanifunga na mimi," mkewe alimtania.

"Wewe nilishakufunga zamani," alijibu, macho kwenye fundo lake.

Wakacheka mpaka mbavu zikauma. Jamani, alivyokitamani kicheko kile! Tangu mazishi hakuwa amefungua hata fundo moja, na mashati ya Kaza yalikuwa bado kabatini.

Kifaa cha Kanga kilitengenezwa kiachie chenyewe baada ya miezi michache, kielee, kiokotwe. Lakini siku ya kumfunga Kanga, Kaza alikigeuzageuza, akaguna, "Hiki kitadondoka," akaongeza fundo lake juu. Mkewe aliona, akacheka, akaondoa boti. Betri ya kifaa ikaisha, Kanga akapotea. Kisha Kaza naye akaugua mapafu, akafa.

Binti aliibuka akitema maji. "Mshipi umemla, mama. Pezi lina kidonda kibichi. Lazima tukate."

"Usikate."

"Mama!"

"Nimesema usikate! Vya nyumbani vyote vimekaa tu. Hiki ndicho pekee cha baba yako kinachotembea."

Binti alipanda botini. Alimpa kisu na miwani yake. "Basi shuka umwone mwenyewe."

Akashuka. Aliogelea ubavuni mwa Kanga mpaka akaliona fundo, limezungushwa kinyume kama alivyozungusha Kaza, mtu wa mkono wa kushoto. Alilishika. Chini yake nyama ilikuwa nyekundu, na kila samaki alipojipinda, mshipi ulizidi kuzama. Mama alilia ndani ya miwani mpaka akawa haoni vizuri, na kwa kupapasa akakata. Kanga alipiga mkia mara moja, akateremka kwenye giza la maji, mwepesi.

Jioni kifaa kilikuwa mezani, kikichuruzika maji. Mama alikipita bila kukitazama, akaenda chumbani, akapiga magoti mbele ya kabati. Kisu hakukichukua. Alilifungua fundo kwa kucha, polepole, likimgomea kama Kaza mwenyewe alivyokuwa akigoma.

"Legeza kidogo, mume wangu," akamwambia.

Mshipi ulipoanguka mlango haukufunguka. Kitasa kilikuwa kimeushika barabara, miaka yote. Mama akaangua kicheko, peke yake, mpaka mbavu zikauma, kisha akakizungusha.