Pasi ya Semeni

Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi tii, na katika weusi ule palikuwa na maneno mawili tu, grub rescue, na kijistari kilichopepesa kikingoja kuambiwa la kufanya. Mudathir hakuwa na la kukiambia. Jasho lilimtiririka mgongoni. Nyuma ya pazia la mlango wa chumbani, mama mkwe wake, Bi Mwanamkasi, akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetaka kujua.

"Hafsa," akaita, "muulize mumeo, kuna heri?"

Hafsa alikuwa kaketi ubavuni pa mumewe, na mumewe alikuwa na masikio mawili mazima. Lakini Bi Mwanamkasi ni Mdigo wa kale: hasemi na mkwe wake wa kiume ana kwa ana, wala jina lake halitamki. Tangu ndoa ifungwe, maneno yao yote yalipitia kwa Hafsa.

"Mwambie mama," akajibu Mudathir, "umeme umeiunguza."

Uwongo ulimtoka kabla hajaufikiria. Haya basi! Fundi mzima, anayesifiwa mtaa wote wa Usagara, kashindwa kusema neno la kweli mbele ya kipande cha pazia.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Mwaka uliopita aliletewa kompyuta ile aisafishe tu, naye kwa kujishaua akaweka mfumo wa pili, Linux, pembeni mwa Windows. Nani alimtuma? Bi Mwanamkasi alihitaji Windows peke yake, maana ndimo ilimokuwa programu ya mashine yake ya kudarizi, pamoja na nakshi zote za mashuka ya maharusi alizozichora mwenyewe ua kwa ua. Tangu hapo kila asubuhi alilazimika kuchagua kati ya majina mawili asiyoyaelewa. Alivumilia, kwa kuwa ilikuwa kazi ya mkwe. Leo Mudathir aliona haya, akaamua kuifuta Linux kimyakimya. Akaifuta yote, akasahau kwamba bawabu, yaani ile programu ndogo inayoamka kwanza na kuuliza unataka kuingia chumba gani, alikuwa akilala humohumo. Kabomoa chumba na bawabu yumo ndani! Windows ilikuwapo, salama kabisa, ila hapakuwa tena na wa kuifungulia mlango. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na ndilo lililomtia aibu kuliko yote.

"Umeme!" Bi Mwanamkasi akapaza sauti. "Si nilisema mie? Semeni! Jana umechomeka pasi soketi moja na kompyuta. Sikukwambia chomoa?"

Semeni, mshonaji aliyemsaidia kazi, alikuwa ukumbini akinyoosha foronya. Akasimama na pasi mkononi.

"Nisamehe, mama."

"Nenda kwenu kwanza. Biharusi anangoja mashuka yake Ijumaa, nitamwambia nini? Nikiwa na neno la kukwambia nitakuita."

Semeni akaikunja foronya vizuri, akajitanda mtandio, akatoka. Sentensi moja tu ya Mudathir ingemrudisha kwenye kiti chake. Mudathir akainama, akaanza kukusanya nyaya.

Aliibeba kompyuta hadi kwake. Akaiwasha kwa flashi yenye Windows, akaingia upande wa matengenezo, akaandika amri za kuutengeneza upya mwanzo wa diski. Ikagoma. Kumbe ameilenga flashi yenyewe badala ya diski! "Loo, leo nimerogwa," akanong'ona. Akarudia polepole, herufi baada ya herufi, akazima, akawasha. Windows ikafunguka. Nakshi zote zilikuwamo, hakuna hata jani lililopungua.

Furaha ilimpanda, kisha ikashuka palepale. Sasa hakuna ambaye angejua.

Alipoirudisha asubuhi, cherehani ilikuwa ikilia nyuma ya pazia.

"Hafsa, mwambie mumeo Mungu ampe umri. Kaponya kitu kilichoungua! Mkwe kama huyu nimpate wapi mwingine?"

Hafsa akamtazama mumewe, uso umemchanua kwa fahari. Sifa zile zilimwingia Mudathir vibaya kuliko matusi.

"Mwambie mama..." akaanza, akakwama. "Mama, haikuungua. Mimi ndiye niliyeiharibu, kisha nikasema uwongo. Semeni hana kosa."

Hafsa akajiziba mdomo. Cherehani ikanyamaza. Mudathir alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mudathir," ikasema sauti nyuma ya pazia. Ndiyo kwanza alisikie jina lake kinywani mwa mama mkwe, na halikuwa tamu. "Semeni anakaa Chumbageni. Usimtume Hafsa."

Alimkuta Semeni uani kwao, kainamia meza, mikono imejaa masizi.

"Shemeji! Karibu. Kompyuta imepona?"

"Imepona."

"Alhamdulillahi." Semeni akashusha pumzi ndefu, akafunika uso kwa upande wa khanga, kisha akaufunua. "Jana sikulala. Niombee radhi kwa mama, shemeji. Mwambie umeme siugusi tena. Nimeazima pasi hii ya makaa kwa jirani. Inachelewa, lakini haitaunguza cha mtu."

Akaipuliza ile pasi. Majivu yakaruka, yakatua kwenye shati jeupe la Mudathir. Hakuyapangusa.

"Semeni," akasema, "iweke chini hiyo pasi."