Mshahara wa Gari la Mbele

Lobokat alitoa ushauri kama mtu anayegawa maji ya mto: hayakuwa yake na hayakumgharimu kitu. Asubuhi ile alikuwa amekaa nje ya nyumba ya dada yake, pale Kiwanjani mjini Isiolo, akinywa chai ya shemeji yake na kumfundisha maisha.

"Aule, ukiulizwa mshahara wa zamani, usitaje ule wa kweli. Tajiri huchukua ulichokuwa ukipata, anaongeza kidogo juu, basi. Ukianzia chini utaongezwa huko huko chini."

"Na akijua?"

"Atamuuliza nani? Mzungu wako ameuza shamba, amepanda ndege. Atamfuata Ulaya kwa ajili yako?"

Hilo lilikuwa kweli. Aule alikuwa ameendesha lori la shamba moja huko Timau tangu ujana wake, akishusha ngano na viazi Nanyuki. Uhuru ulipokuja mzungu akauza, na wenye shamba wapya wakaja na madereva wao, watoto wa shangazi. Aule alirudi Isiolo na blanketi na sufuria. Kule alikuwa akilipwa shilingi mia na arobaini na gunia la viazi, na hakuwahi kulala njaa.

Lakini ng'ombe wa mahari ya Nakiru, mkewe, hawakuwa wamefika wote. Na kwa Waturukana, ng'ombe wasipokamilika, mtoto ni wa akina mama yake. Baba ni mgeni anayelala hapo. Mtoto wa Aule alikuwa ameshaanza kutambaa. Lobokat alimwita "ndama wetu" huku akicheka. Aule hakucheka. Kila alipolisikia neno hilo alihisi kama amevuliwa kofia mbele ya watu.

Basi akaenda dukani kwa Rimberia.

Rimberia alikuwa Mmeru wa upande wa Maua. Alianza na miraa, akanunua lori, likazaa lingine, na sasa alikuwa na kazi ya kupeleka unga wa serikali Garbatulla, ambako wafugaji walikuwa wamekusanywa mahali pamoja kwa sababu ya shifta, waasi wa upande wa mpakani. Njia ile hakuna lori lililopita peke yake. Yalikwenda kwa msafara pamoja na wanajeshi, kwani shifta walikuwa wameanza kuzika mabomu barabarani.

"Unajua lori?" Rimberia aliuliza.

"Najua kushinda jina langu."

"Mwisho wa mwezi ulikuwa unapata ngapi?"

"Mia mbili na themanini."

Rimberia aliweka kalamu chini, akamtazama upya, kuanzia viatu. Hata sauti yake ilishuka.

"Pesa hiyo siku hizi hulipwa mtu wa kazi moja tu. Ulikuwa unaongoza msafara? Upande wa Garissa?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Aule aliuona. Lakini akikataa Garissa, ile mia mbili na themanini inakufa pale pale mezani, na yeye anatoka akiwa mwongo bila kazi. Akatikisa kichwa kukubali.

"Nitakupa mia tatu," Rimberia akasema. "Jumatatu."

Nyumbani, Nakiru alikuwa akimwosha mtoto. Aliisikiliza habari yote bila kuinua uso.

"Mmeru ameongeza bila kubishana?"

"Bila."

"Huyo ni mgonjwa," Nakiru akasema. "Au wewe ndiye hujui umeuza nini."

Jumatatu malori yalipangwa kwenye kizuizi cha polisi, na la Aule likawekwa mbele kabisa. Gari moja la jeshi lilikaa katikati na lingine mkiani. Wanajeshi walisema kazi yao ni risasi, si kusoma mchanga. Kusoma mchanga ilikuwa kazi ya dereva wa mbele. Yeye ndiye aliyetazama ni wapi ardhi imeguswa, akachagua pa kukanyaga, na wote waliobaki wakatia magurudumu yao kwenye alama zake, bila kutoka hata kidogo. Ndiyo maana alilipwa karibu mara mbili ya wenzake.

Na ilikuwa desturi ya madereva wa njia ile kwamba kabla ya kuondoka, kila anayefuata humletea wa mbele kitu. Waliiita chai ya macho. Haikukataliwa, na ukishaipokea umechukua dhamana ya maisha ya aliyekupa. Basi wakaja mmoja mmoja, wakasalimia, wengine kwa salaam aleikum, wengine kwa habari, wakaacha kitu kwenye kiti: sigara, kifungu cha miraa, tende kwenye karatasi. Wa mwisho alikuwa mzee Yattani, Mborana mwenye ndevu nyekundu za hina, dereva wa lori la pili. Alileta yai la kuchemsha.

"Ejoka!" alimwamkia kwa Kiturukana kibovu. "Wewe ndiye mtu wa Garissa. Mungu ametukumbuka. Mimi nilikaa kiti hicho mpaka mke wangu Racho aliponiapisha nisikikalie tena. Sasa macho ni yako."

Aule alisema asante. Yai lilikuwa bado na moto.

Wakatoka. Mpaka kijiji cha Kula Mawe ardhi ilikuwa ngumu, mawe matupu, na hapo hata dereva wa viazi angeweza kuongoza. Mbele ya hapo barabara iliteremkia mto mkavu, na mchanga ukaanza. Mchanga mweupe, laini, wenye alama za mbuzi na alama za upepo. Alama nyingine hakujua ni za nini. Aule aliutazama kwa nguvu zote mpaka machozi yakamtoka. Ulikuwa mchanga. Kushoto mchanga, kulia mchanga.

Akatazama kiti kilicho kando yake: sigara, miraa, tende, yai.

Akakanyaga breki.

Nyuma msafara wote ukasimama. Sajini akapiga kelele kutoka katikati, "Ameona! Kaeni ndani!" Bunduki zikatoka madirishani. Mzee Yattani aliteremka, akaja akitembea ndani ya alama ya tairi kama mtu anayevuka juu ya gogo.

"Umeona nini?"

"Mchanga."

"Mchanga umefanya nini?"

"Haujafanya kitu. Mzee, hiyo ndiyo shida. Mimi naona mchanga tu. Ningepita juu ya kaburi la nyanya yangu nisijue."

"Huko Garissa ulikuwa unaona nini?"

"Sijafika Garissa. Nilikuwa nabeba viazi Timau."

"Viazi."

"Na ngano."

"Walikulipa ngapi kwa hivyo viazi?"

"Mia na arobaini."

"Na Rimberia ulimwambia ngapi?"

Aule akamwambia. Alikuwa ameshajiandaa kwa kofi, na kwa hakika angelipokea kwa mikono miwili. Lakini Yattani aliketi kwenye ngazi ya lori, akanyoosha fimbo yake ng'ambo ya mto.

"Unaona kile cheusi?"

"Lile jiwe?"

"Si jiwe. Tazama vizuri."

Aule akatazama. Lilikuwa lori, au mifupa yake. Lilikuwa limeungua mpaka likafanana na mawe yaliyolizunguka, na mti mdogo wa miiba ulikuwa umeanza kuota mahali pa injini.

"Hilo ni la Salesio. Kijana wa Chuka, mtu wa nyimbo. Yeye alimwambia Rimberia mia tatu. Mkewe alipokuja kuchukua nguo zake ndipo tukajua kwamba kazi yake ilikuwa kubeba kahawa." Yattani aliinuka, akajipangusa vumbi. "Alikuwa anaogopa kama wewe. Nilikuwa nyuma yake, nilimwona kwa jinsi alivyokuwa akishika usukani. Lakini hakusimama."

"Nirudi?"

"Urudi wapi? Hapa hakuna pa kugeuza. Shuka."

"Mzee, si umemwapia mkeo?"

"Nimemwapia. Wewe utakuja kumweleza, na ana mdomo, utajuta kuzaliwa." Akapanda kwenye kiti, akaviona vitu vile. "Umekula?"

"Sijagusa."

"Afadhali." Akalichukua yai, akaligonga kwenye usukani, akaanza kulimenya. "Hili lilikuwa langu, hata hivyo."

Aule akaenda kwenye lori la pili. Msafara ukaondoka tena, polepole, Yattani mbele na Aule nyuma yake. Na sasa akaonja kile ambacho wenzake walikuwa wamempa tangu asubuhi. Alama za Yattani ziliacha barabara nzuri zikapanda juu ya vichaka bila sababu yoyote aliyoiona. Naye akapanda. Zikapinda mahali pa tambarare. Naye akapinda. Hapakuwa na wa kumuuliza. Moyo wake wote, na Nakiru, na mtoto anayetambaa, vilikuwa ndani ya mifereji miwili iliyochorwa na mzee anayetafuna yai. Alifikiri: hizi ndizo zile shilingi. Nilimwibia nani, Rimberia? Rimberia yuko dukani.

Walipolipita lile lori lililoungua, hakuna aliyepiga honi.

Garbatulla walifika jua likiwa bado juu. Watu walitoka kupokea unga, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua ni nani aliyekuwa mbele. Madereva walijua, hata habari ya viazi. Hawakumtukana. Mmoja alimuuliza tu kama viazi huwa vinalipuka, wakacheka, na Aule naye akacheka kwa sababu alikuwa hai.

Waliporudi Isiolo, alikwenda dukani mwenyewe, kabla habari haijamtangulia. Ilikuwa imeshamtangulia. Rimberia aliweka kalamu chini kama siku ile.

"Ulikuwa unapata ngapi?"

"Mia na arobaini. Na gunia la viazi."

"Mia na arobaini nitakupa, uwe unateremsha miraa kutoka Maua. Viazi utanunua." Kisha akaongeza, bila kumtazama, "Mimi nami nilipaswa kuuliza zaidi. Salesio sikumuuliza. Nilitaka sana awe ndiye dereva niliyemtafuta."

Ile mia tatu ilikwenda kwa Yattani, na kiti cha mbele kikaenda naye. Racho alisema aliyokuwa nayo, na Aule alisimama mlangoni pake akayasikiliza yote mpaka mwisho.

Lobokat naye alikuja kunywa chai. "Kwa hiyo ng'ombe watachelewa."

"Watachelewa," Aule akasema.

"Na ndama wetu?"

Nakiru alimwinua mtoto kutoka chini, akamweka mapajani mwa Aule, akamgeukia kaka yake. "Kunywa chai, Lobokat. Ushauri wako wa mwisho umetutosha mwaka huu."

Tangu hapo, kila Jumatatu Aule akiwa mjini, alikwenda kwenye kizuizi na kifungu cha miraa ya Maua, akakiweka kwenye kiti cha lori la mbele. Hakuwa dereva wa msafara tena, na desturi haikumtaka alete kitu. Yattani alipokea bila maneno. Na siku ya msafara kurudi Aule alisimama pale pale, upande wa vumbi. Malori mengine hakuyaangalia. Alingoja la kwanza litokeze, akatafuta dirishani ndevu nyekundu. Akishaziona ndipo aliporudi nyumbani kula.