Dakika Arobaini za Giza

...au kalamu imekauka, au ni mkono wangu, andika kwenye kitabu chako cha saa za kuruka, bwana, anasema Mwalimu Mungai, uliingia saa tatu umetoka saa nne, hiyo ni saa moja, saa ya ukutani haijasimama ati, na kweli haikusimama, ile hutiwa ufunguo, lakini hili sanduku la mazoezi ya kuruka linataka umeme, na umeme wa hapa Ngara ulikatika baada ya dakika ishirini, mfuniko umefungwa, sindano zote za vipimo zimelala, nikakaa gizani dakika arobaini kama mjinga nikidhani utarudi... saa sita za mazoezi kila miezi sita, ndivyo sheria inavyomtaka rubani anayepita mawinguni, ninazo tano, hii ndiyo ya sita, muda wangu unakwisha leo, sanduku limeshachukuliwa na wengine mpaka Jumatatu, na kesho narusha ndege kwenda Kisumu, mvua hizi, na nyuma yangu atakaa mama, mama Peres ambaye hajapanda ndege maisha yake yote, gauni limepigwa pasi tangu Jumapili, kanisa zima la mtaa wa Jamhuri linajua Ogutu anampeleka mamake nyumbani kwa ndege, mama aliniuliza jana, baba, huko ndani ya mawingu unaona njia kweli, nikacheka, nikasema naona... “Sisi wote huandika hivyo, Ogutu,” na hana ubaya Mungai, ananipenda, mwaka wa sabini ndiye aliyenitetea waliposema Waafrika bado hawafai kurusha ndege... lakini umeme ulipokatika nilikuwa nageuka kulia, sanduku likasimama kabisa, na mwili wangu ukaapa nageuka kushoto, nikaushika usukani niurudishe, na pale chini barabarani mama wa nyanya anaita wateja, sauti yake iko kwenye sikio langu la kulia, haisogei hata kidogo, maana yake sigeuki, na bado sikuiamini, mimi, rubani wa miaka minne, ndani ya sanduku lililokufa... nimeogopa, basi, wacha niseme, nimeogopa, kwa sababu kesho juu ya milima ya Mau hakuna mama wa nyanya... “Chai inapoa, andika,” naam mwalimu, naandika, dakika ishirini, utanikasirikia, kesho ataruka mwingine, kanisa litacheka, gauni litarudi kabatini, na mama akiuliza tena kama naona njia nitamwambia hapana, mama, siioni, huwa naisoma kwenye sindano, na leo nimeshindwa kuisoma... kumbe wino upo.