Shule Iliyokosa Shida

Fon Sitwon, mtaa ulioning'inia mlimani juu ya mji wa Okap, ulikuwa na shule ndani ya banda tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Mwisho wa juma banda lilirudi kwa mwenyewe, Tonton Estimab, na majogoo wake wa kupigana. Kila Jumatatu asubuhi watoto walifagia manyoya, wakaketi kwenye mabenchi ya wacheza kamari, wakaanza kusoma. Hakuna aliyeona ajabu. Shule ya zamani ilikufa siku mkurugenzi wake alipopata viza, na Mwalimu Ilomène, aliyeachiwa watoto bila jengo, aliona heri banda la majogoo kuliko watoto washinde njiani. Mtaa ukachangia ulichonacho. Madan Saintilma, muuza akasan, alileta sufuria ya uji huo wa mahindi kila siku. Tonton Estimab alitoa banda bure, kwa sharti moja tu, kwamba asisikie mtoto akimtukana jogoo.

Basi siku moja Ilomène akapigiwa simu na kijana aitwaye Wilbens, aliyefanya kazi kwenye shirika la kusaidia shule zenye dhiki. Wageni wangekuja Jumanne na mpiga picha. Wakiridhika, Fon Sitwon ingepata madarasa ya matofali. Kabla ya kukata simu, Wilbens akashusha sauti.

"Mwalimu, wageni hawa wanapenda kuona hali halisi."

"Hali halisi si ndiyo hii tuliyo nayo?"

"Ndiyo. Lakini ionekane."

Ilomène akaelewa, na kule kuelewa kukamchoma. Hata hivyo, matofali ni matofali. Akawaita wazazi, akawaomba kwa maneno ya kuzungukazunguka kwamba Jumanne watoto waje na nguo za nyumbani. Mashati yasipigwe pasi, viatu visisuguliwe, wasichana wasifungwe riboni. Wazazi wakatazamana, hata majogoo kwenye matundu yao wakawa kama wanasikiliza.

Madan Saintilma ndiye aliyeinuka. "Yaani Mwalimu, mwanangu aje shule kama anayekwenda kuokota kuni?"

"Siku moja tu, Madan. Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa wanne, mwenzangu. Sasa niache nijifiche."

Watu wakaangua kicheko, na Ilomène naye akacheka ingawa hakupenda. Lakini akawaeleza habari ya mvua, na vitabu vinavyolowa, na watoto wanaorudishwa nyumbani kila wingu linapotanda. Mwishowe wazazi wakakubali, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya watu wanaotia saini hukumu yao wenyewe.

Jumanne, Ilomène akavaa gauni lake la kufulia, lililopauka mgongoni na kuchanika kwapani. Ikiwa anawaomba watu wazima waaibike, alijiambia, sharti yeye atangulie. Alipotoka nje, alikuta mlima mzima unanuka mkaa. Pasi zilikuwa motoni kila nyumba. Watoto wakateremka vichochoroni wamenyooka kama mishumaa ya kanisani, mashati yanaumiza macho kwa weupe, na riboni kubwa hata kuliko za sikukuu ya bendera. Madan Saintilma alipita na bintiye Dafkar, akamsalimu mwalimu kwa heshima zote. Nyuma yake akaja Tonton Estimab ndani ya suti nyeusi ya mazishi, na tai.

Wageni walipofika, mama wa Kizungu aliyewaongoza alitupa macho huku na huku, kisha akamwendea Tonton Estimab moja kwa moja na kumpa mkono. "Bwana Mkurugenzi," akasema. Tonton Estimab maisha yake yote hakuwahi kuitwa jina zuri kiasi hicho. Angelikataa, lakini ingekuwa kukosa adabu. Akakohoa, akawakaribisha.

Kisha yule mama akamgeukia Ilomène, akamwomba kwa upole sana, kama anavyoombwa mfagizi, awaletee maji ya kunywa. Ilomène akafungua kinywa ajieleze. Angesema nini? Kwamba yeye ndiye mwalimu, na matambara haya kayavaa makusudi? Akachukua ndoo, akaenda. Aliporudi mpiga picha alimsimamisha mlangoni, akampiga picha nyingi.

Ndani, Dafkar alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Mama mgeni akafuta machozi, akauliza ni nani aliyemfundisha.

"Mwalimu Ilomène," akasema mtoto. "Yule mwenye ndoo."

Wageni wakacheka, wakasema mtoto ana utani. Tonton Estimab akatazama viatu vyake.

Wiki iliyofuata Wilbens akapiga simu, anajiumauma maneno. Shule ilikuwa imesifiwa sana. Watoto nadhifu, mkurugenzi mtanashati. Kwa hiyo imeonekana imeshavuka kiwango cha shida, na msaada umepelekwa kwingine. Hata hivyo picha moja imewagusa, ya mama mmoja fukara kashika ndoo. Wataitumia kuchangisha.

"Kuchangishia nani?" akauliza Ilomène.

"Wenye shida, Mwalimu."

Alicheka hadi akakaa chini. Wala hakuwalaumu wazazi. Alipojipima alikuta hasira yake si ya matofali. Ilikuwa ya lile gauni.

Habari ikateremka mlima kwa kasi kuliko maji ya mvua: Fon Sitwon kuna shule ambayo Wazungu wenyewe wamesema haihitaji msaada. Watu wa mabondeni hawakuwahi kusikia sifa kama hiyo. Wakaanza kupanda na watoto wao, wengine na mabenchi yao kichwani. Tonton Estimab, ambaye sasa aliitikia tu akiitwa Mkurugenzi, akahamishia majogoo uani ili nafasi ipatikane, akisema ndege wanahitaji hewa.

Wa mwisho alikuwa mwanamke aliyekimbia vita vya magenge huko mji mkuu, Pòtoprens, na mwana wa miaka sita ambaye tangu wafike alikuwa hasemi. Ilomène alizungusha macho: hapakuwa na pa kupenyeza hata kidole. Akamkalisha mtoto kwenye kiti chake mwenyewe, mbele ya ubao, na hadi likizo ya Pasaka akafundisha amesimama.