Kuchelewa kwa Sauti ya Mama

Kazi yangu ni kumweleza vifaa mtu asiyeviona. Mtu mwenyewe si mtu, ni kiini cha mfumo wa kompyuta, ile programu ya ndani kabisa inayoamka kabla ya zote na kulala baada ya zote. Kiini hakina macho. Ukikiwasha juu ya bodi mpya, kibao kinachobeba vifaa, kinaamka gizani, na kabla hakijafanya lolote lazima kisomewe maelezo: hapa pana kifaa cha kupima joto, mlango wake namba fulani, kinakula umeme wa kiasi hiki, kikiwa na neno kinagonga kupitia waya ule pale. Mimi ndiye ninayeandika maelezo hayo. Dada yangu mkubwa, fundi cherehani, akiulizwa nafanya kazi gani huwajibu watu kwamba nawachorea vipofu ramani za nyumba. Mara ya kwanza nilimkatalia, halafu nikaona hakukosea sana.

Naipenda kazi hii kuliko inavyostahili kupendwa. Ndani ya kila maelezo kuna mstari mmoja ambao hunifurahisha kila nikiuandika. Kifaa hutaja jina lake, kisha kinataja jina la ndugu yake mkubwa aliyekitangulia, maana yake: kama hunijui mimi, nichukulie kama yule, tabia zetu ni moja. Ndivyo nilivyokua mtaani kwetu. Hakuna aliyenijua mimi. Walimjua mama, na kwa hilo tu walinifungulia milango.

Mama alifanyiwa upasuaji wa koo na hakurudi na sauti. Kabla hajalazwa, kampuni moja ndogo ilimrekodi maneno machache, ikamtengenezea kisanduku chenye vitufe vinane vya rangi, kila kitufe na neno lake: ndiyo, hapana, njoo, asante, nina njaa, nimechoka, hebu niacheni nilale. Cha nane aliambiwa achague mwenyewe, akachagua "acha ujinga". Hicho ndicho kitufe kilichochakaa kuliko vyote, na nusu ya rangi yake niliimaliza mimi kwa visa vyangu. Kuandika kwenye karatasi alikataa. Alizisukuma pembeni kwa kiwiko, akatuonyesha kwa mikono kwamba yeye si karani.

Kampuni ile ilifunga. Baadaye bodi iliyokuwa ndani ya kisanduku ikafa, na nyumba yetu ikawa kimya kwa muda mrefu. Chipu ya sauti yenyewe, ndogo kama punje ya mahindi, ilikuwa nzima, na ndani yake mama alikuwa bado anazungumza. Nikaihamishia kwenye bodi mpya. Lakini kiini cha bodi mpya hakikuwahi kusikia habari za chipu ile, na mahali ilipokaa kiliona ukuta mtupu. Bahati nzuri ndugu mkubwa wa chipu hiyo alikuwa anajulikana. Kilichohitajika ni maelezo, na bila maelezo hayo mama angebaki bubu.

Nilikaa na mita na lenzi mezani, dirisha wazi, mchana baada ya mchana, nikifuata nyaya zake moja moja. Mchana kwetu ni mzito. Cherehani ya dada inasikika kupitia ukutani, inakwenda, inasimama, inakwenda, na ukiisikiliza sana unajikuta kati ya kulala na kuamka, mahali ambapo kazi yangu hufanyika vizuri kuliko popote. Nilianza kuiona ile bodi kama ukumbi mrefu wenye milango pande zote mbili. Niliujua mlango wa saa, mlango wa betri, mlango wa vitufe. Wa chipu ya sauti nilikuwa nautafuta kwa kupapasa tu, mpaka siku moja nikaupata, nikaandika namba yake, nikawasha. Mama alikuwa ameketi mbele yangu. Akabonyeza.

"Acha ujinga," kisanduku kikasema.

Dada alikuja mbio na kitambaa begani, akajishika mdomo. Mimi nililia bila haya. Mama alitucheka kwa mabega, maana kicheko hakikurekodiwa.

Furaha haikukaa. Tukaanza kuona kwamba kisanduku kinachelewa. Unamuuliza mama kama ameshiba, unangoja, unangoja tena, ndipo sauti inatoka.

"Tangu ukifungue, hiki kidude kimekuwa kizembe," dada alisema. "Umekilegeza wapi?"

"Sijalegeza kitu."

"Zamani kilikuwa kinajibu kabla hujamaliza kuuliza. Leo nimemuuliza kama ana njaa, nimetunga uzi kwenye sindano, ndipo kikasema."

"Labda siku hizi unatunga haraka."

"Haya, cheka. Fundi ni wewe."

Iliniuma kwa sababu alisema kweli. Nikachukua saa nikaanza kupima. Nilikuwa namuuliza mama swali, nikimaliza tu naanza kuhesabu, sauti ikitoka naacha. Majibu yalikuja tofauti tofauti, mara sekunde mbili, mara tano. Hilo peke yake lingetosha kunizindua, kwa sababu chipu haina siku nzuri na siku mbaya. Lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba imezeeka, inachelewa kuamka usingizini. Jambo kama hilo lina mahali pake kwenye maelezo. Nikaongeza mstari kwamba chipu hii ikiamshwa ipewe muda, na ikibidi isiachwe ilale kabisa. Kisha nikayatuma yote kwa wahakiki, wale wanaolinda lango la kiini, ili yaingizwe humo moja kwa moja, na bodi yoyote ya kesho, hata siku nisipokuwepo, imjue mama.

Anayehakiki sehemu yangu sijawahi kumwona. Sisi tunaomwandikia tumempachika jina la Bwana Kwa Nini, kwa kuwa ndilo swali lake, na nadhani hana jingine. Hana salamu wala pole. Sheria yake ni moja: eleza kifaa kilivyo, usieleze unavyotaka kiwe, wala usitueleze shida zako. Nimewahi kumtukana kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni. Safari hii aliyapitisha maelezo yote bila neno, jambo ambalo halijawahi kunitokea, isipokuwa mstari ule mmoja.

"Kwa nini?" aliandika. "Ndugu zake wote wanaamka papo hapo. Umepima kuanzia wapi?"

Nikamjibu kwa hasira kwamba nimepima mara nyingi, na kwamba kisanduku ninacho mimi, yeye hana. Maelezo yakabaki nje ya lango.

Mchana huo mvua ilinyesha, cherehani ikanyamaza, nikasinzia pale pale mezani. Nilijikuta ukumbini. Nilitembea peku juu ya sakafu ya kijani yenye michirizi ya shaba, na harufu ya risasi ya kulehemu ilikuwa hewani kama harufu ya chakula cha nyumbani. Nikagonga mlango wa chipu ya sauti, na kabla sijashusha mkono mama akafungua. Alikuwa na umri wangu, na shingo yake haikuwa na kovu.

"Mbona unachelewa?" nikamuuliza.

"Nachelewa wapi, mwanangu? Nimesimama hapa nyuma ya mlango muda wote."

Mbali, mwisho wa ukumbi, nilisikia mkono unapapasa ukuta, mlango baada ya mlango, bila kugonga hata mmoja. Nilitaka kumuuliza ni nani yule. Nikaamka na alama ya kalamu shavuni, mvua imekatika, na jua limeingia mpaka katikati ya meza.

Niliamka na kinyongo. Nikatoa mashine ya kupimia yenye kioo, nikaweka waya mmoja kwenye vitufe na mwingine kwenye spika, ili nimfunge mdomo Bwana Kwa Nini kwa namba. Nikabonyeza mwenyewe. Sauti ikatoka, na kwenye kioo mstari wa kitufe na mstari wa sauti ilipanda pamoja. Nikabonyeza kingine, na kingine. Nikakizima kisanduku, nikakiacha kipoe, nikakiwasha. Chipu iliamka hapo hapo kila mara, sawa na ndugu zake wote.

"Nimechoka," ilisema. "Asante. Njoo."

Umepima kuanzia wapi. Nilikuwa nimepima kuanzia kwenye swali langu. Kati ya swali langu na kitufe palikuwa na kitu kimoja tu, nacho sikukipima kwa sababu haikunipitia akilini kwamba kingeweza kuwa na kasoro. Palikuwa na mama.

Yakanijia mambo mengi kwa mpigo. Juzi nilimuuliza kama maji ya kuoga yamepoa, kisanduku kikasema "nina njaa", tukacheka sote, mama naye akacheka na sisi. Wiki iliyopita alisimama mlangoni kwa dada muda mrefu na sahani mkononi, na dada akadhani anatazama gauni lililoning'inia. Kila kitu tulikuwa tumekipatia maelezo yake, na maelezo yalikuwa mazuri.

Niliogopa. Niliogopa vibaya, na kwa muda nilifikiria kuuacha mstari wangu ulivyo, nimbembeleze yule bwana, nimdanganye kidogo, apitishe. Nani angejua? Kungekuwa na chipu moja mbovu duniani, na mama mzima. Chipu mbovu huandikiwa mstari mmoja na kiini kinaivumilia. Mama sikuwa na mahali pa kumwandika.

Nikaufuta mstari. Sababu sikuiandika, na Bwana Kwa Nini, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuiuliza. Jibu lake lilikuja kabla ya jioni: imekubaliwa. Siku nyingine ningepiga kelele za furaha nyumba nzima.

Nilipita kwa dada kwanza. Alikuwa anapima pindo, pini mdomoni.

"Umekitengeneza?" aliuliza bila kuzitoa.

"Hakikuwa kimeharibika."

Alinitazama. Ni dada yangu mkubwa, hajawahi kuhitaji nimalizie sentensi. Akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, akakaa mikono mitupu.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kisanduku pajani. Mwanga wa baada ya mvua ulikuwa umeingia chumbani, ule wa manjano unaofanya vitu vya kila siku vionekane kama umeviota. Niliketi sakafuni mbele yake. Siku zote nilikuwa nakitazama kisanduku. Sasa nikautazama mkono.

"Mama, nina swali. Usinikasirikie."

Akaniangalia, ananisubiri.

"Vitufe vinakupotea?"

Mkono ukainuka, ukasimama juu ya rangi zile. Ukaenda kwenye bluu, ukasita, ukarudi, ukaelea juu ya njano, ukaondoka. Usoni hakuwa na hofu. Alikuwa na aibu, mama yangu, mbele yangu mimi, na hiyo ndiyo niliyoshindwa kuivumilia. Kichwa chake kilikuwa kinainama taratibu, kinakubali, kinakubali, huku kidole kikiendelea kutafuta, kwa sababu alitaka kunijibu kwa sauti yake mwenyewe. Nilijua anatafuta kipi. Nilitamani kwa moyo wangu wote kiwe kile chekundu cha pembeni, cha hapana.

Nikamshika kidole, nikakipeleka polepole mpaka kwenye kijani, nikamwachia. Akabonyeza mwenyewe.

"Ndiyo," ikasema sauti yake ya miaka ile, nzima kabisa, bila kuchelewa hata kidogo.